Nesi wa Matopeni

Kule kwetu, upande wa Mwamkulu, mvua za kwanza zikishalainisha mbuga na watu hawajaanza kupandikiza mpunga, madereva wa malori hushindana kwenye matope. Hakuna aliyetuletea mchezo huo. Ulianzia barabarani, kwenye njia ya kutoka Kasekese, ambako gari likikwama abiria hushuka wakavua viatu, na wenye nyumba za karibu huja na majembe bila kuitwa. Siku moja madereva wawili waliokwama pamoja wakabishana ni nani angepita bila kusukumwa. Wakaenda kwenye uwanda wa mzee mmoja, ardhi isiyolimika kwa sababu ya maji, wakajaribu. Mwaka uliofuata watu walikuja na masufuria, na wa Katumba wakaja na ndizi.

Mtu wa kwanza kufika kila Jumapili ya mashindano alikuwa jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa amestaafu unesi. Sitaitaja zahanati aliyofanyia kazi, wala jina lake. Hata alipokuwa hai hatukulitumia. Tulimwita Nesi, na watoto waliozaliwa mikononi mwake walimwita hivyo hivyo mpaka wakaota ndevu. Alikuja na mabuti ya mpira ya kiume, koti la mvua lililochanika kwapani, beseni la bluu na kasha la bati lenye dawa. Alipindua ndoo, akaikalia, akaanza kulalamika.

"Huu ni upumbavu wenye injini," alisema. Alisema hivyo kila mwaka, na hakukosa hata mwaka mmoja.

Sikuwahi kuelewa kama aliyapenda yale mashindano au aliyachukia. Aliyajua malori kwa sauti. Akiwa anapalilia mchicha wake nyuma ya nyumba, gari likipita barabarani alisema ni la nani na limebeba au ni tupu, na mara nyingi alikuwa sahihi. Fuso langu alilijua kuliko mimi. Kuna asubuhi alinisimamisha uani nikiwa napasha injini, akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza kama anavyosikiliza kifua cha mtoto.

"Dereva, gari lako linakohoa."

"Ni baridi tu, Nesi."

"Baridi ya wiki mbili? Lipeleke kwa fundi."

Nililipeleka. Fundi alikuta kichujio kimeziba kabisa.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Neno pole alilitumia msibani tu. Ukija kwake umejikata, alikukalisha, akakuosha kwa maji ya moto kiasi cha kukutoa machozi, na ukilia alisema, "Piga kelele tu, mimi nafanya kazi." Mwaka mmoja dereva wa Canter alivunjika kidole katika mzunguko wa kwanza. Nesi alimfunga, na yule kijana akataka kurudi kwenye gari. Nesi hakubishana naye. Alinyoosha mkono kana kwamba anataka kuangalia bandeji tena, akachomoa ufunguo mfukoni mwa kijana, akautia ndani ya gauni lake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kijana aliupata ufunguo jioni, baada ya kumaliza bakuli zima la uji mbele ya macho ya Nesi.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na aliondoka kabla ya matangazo. Aliwahi kukosana na katekista wetu, aliyesema kwamba matope yanawaibia watu ibada. "Njoo uone kwanza," Nesi alimwambia. Katekista alikuja kuona. Saa nane mchana alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, bega lake likiwa kwenye bodi ya lori la mtu asiyesali kabisa, anasukuma. Ndivyo ilivyokuwa siku zile. Gari likizama hakuna aliyeuliza ni la nani. Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma, watu wa Katumba ambao wazazi wao walitoka Burundi, wote walishika kamba moja. Aliyeiongoza kamba ile alikuwa mwanamume wa Katumba, mkulima wa tumbaku, Baba Eliya. Alikuwa mfupi, mwenye sauti iliyopita kiwiliwili chake. Aliita kwa Kirundi, "Fata! Fata!" yaani shika, na watu mia mbili ambao wengi hawakujua neno jingine lolote la Kirundi walishika wakavuta.

Nesi na Baba Eliya walielewana sana. Mama yule hakujua kupika, ugali wake ulikuwa na madonge, na Baba Eliya ndiye aliyehakikisha anapata sahani ya ndizi na maharage kabla ya mtu yeyote. Alimletea mwenyewe, kwa mikono miwili. "Kula, Nesi, mchana utatuhitaji." Nesi alipokea akisema zina mafuta mengi, akala zote.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana bila hiyo siwezi kusema yeye alikuwa nani.

Asubuhi ya mashindano niligundua usukani wa Fuso unalegea. Nikaingia chini. Tairodi, kile chuma kinachougeuza usukani kuwa mwendo wa tairi, kilikuwa kimekwisha kwenye kiungo chake. Cha kubadilisha sikuwa nacho, fundi alikuwa kanisani, na jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha. Nilichukua waya, nikazungusha mara nyingi, nikakaza kwa koleo. Nilipotoa kichwa nikakuta mabuti ya mpira yamesimama karibu na sikio langu.

"Hiyo itashika?" Nesi aliuliza.

"Itashika, Nesi. Ni mzunguko mmoja."

Alinitazama, kisha akautazama waya. Aliinua beseni lake akaenda zake. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nina mke na mtoto mmoja, naendesha magari tangu nina kumi na tisa. Sikuwa mtoto wa kuambiwa mambo mara mbili. Hilo nalisema ili mtu asimlaumu yeye.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Waliokaa nyuma hawakuona, kwa hiyo kamba ya kuzuia watu ilisogezwa mbele, hatua kama kumi. Baba Eliya aliishika upande wa kulia, karibu na Canter iliyokuwa imeegeshwa ikisubiri zamu. Niliondoka vizuri. Nilipita sehemu ya kina, nikasikia watu wakinishangilia, nikaongeza mafuta. Halafu usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu. Nilizungusha kushoto, tairi hazikusikia. Gari lilijivuta kulia polepole. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, jinsi lilivyokwenda polepole. Watu walipata nafasi ya kukimbia. Baba Eliya alikuwa anawasukuma wanawake wawili waliokuwa wamekaa chini na vyombo vyao. Wao walitoka. Yeye alibanwa kati ya bodi langu na ile Canter.

Nesi alifika kabla sijafungua mlango. Alilala kwenye matope, akapenya chini mpaka tukaona mabuti tu, na sauti yake ikatoka kule chini, "Inueni gari. Msilivute. Inueni." Na waliinua. Lori la Fuso lenye viroba vya mchanga vya kuliongezea uzito, watu waliliinua kwa mikono, wengine wakiwa wamezama mpaka mapajani, wanawake kwa wanaume, bila mtu wa kuwaitia. Nimewahi kuona mambo makubwa, lakini hilo sijaona tena. Wakamtoa.

Alikuwa hai. Walimlaza nyuma ya Canter ile ile, Nesi akapanda naye, wakaanza kwenda hospitali, Mpanda mjini. Canter haikufika mbali, ikakwama, na watu wakaanza kuisukuma. Waliisukuma kutoka uwandani mpaka lami. Wakichoka wengine walipokea. Watu waliokuwa kwenye mashamba ya pembeni waliacha majembe wakaja. Mimi nilisukuma pia, hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenitazama. Kila baada ya muda mtu aliuliza kwa sauti, "Nesi, anaendeleaje?" Na Nesi alijibu bila kuinua kichwa, "Sukumeni."

Tulipofika lami alishuka, akavua koti lake la mvua, akamfunika Baba Eliya mpaka usoni. Alikuwa amefariki zamani, nusu ya njia.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kumuuliza kwa nini hakutuambia.

"Mngeacha kusukuma," alisema. "Angelala pale katikati ya matope kama gari bovu. Nilitaka afike barabarani."

Kesho yake tulikutana nyumbani kwa mzee mwenye uwanda. Tulikuwa kama watu ishirini, madereva, mafundi, wazee wachache. Mzee alizungumza taratibu. Alisema polisi watakuja kuuliza, na ni lazima kauli iwe moja. Gari lilikuwa zima, matope ndiyo yaliyoligeuza, ni ajali kama ajali nyingine. Aliyekufa hatarudi, na huyu kijana ana mke na mtoto. Watu waliitikia. Mmoja mmoja walisema ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na nakiri kwamba kila sauti iliyosema ndiyo ilinipunguzia uzito.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni, kama alivyozoea kanisani.

"Mimi siwezi kusema hivyo," alisema.

"Nesi, huyu ni mtoto wetu," mzee alisema.

"Na yule aliyekufa ni mtoto wa nani?"

"Hatujasema hivyo."

"Mmesema. Kwa sababu ni mtu wa Katumba, ndugu zake wako mbali, hawako hapa ndani. Jana nyie wote mliisukuma ile gari. Leo mnamrudisha matopeni."

Mama yangu, ambaye nyumba yake na ya Nesi zilitenganishwa na uzio wa miti tu, alimwomba kwa machozi. Alimkumbusha kwamba ni yeye Nesi aliyenipokea nilipozaliwa. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakumbuka," alisema. "Alitanguliza miguu. Nilikaa naye saa sita." Kisha akaondoka.

Mahakamani maneno yake yalikuwa machache. Alisema alinikuta nafunga waya, aliniuliza kama utashika, nikamjibu. Hakimu alidhani amemaliza, yeye akaendelea. "Na mimi niliona nikanyamaza, nikaenda kukaa. Kama kuna sheria ya hilo, niko hapa." Hakimu alimwambia ajibu anachoulizwa tu. Alibaki amesimama kizimbani kidogo, kama mtu aliyeambiwa asubiri huduma, mpaka karani akamwonyesha mahali pa kutokea.

Nilifungwa.

Yaliyompata baada ya hapo nimeyapata kwa mama na kwa mke wangu, na hawakuyasimulia kwa majuto. Pengo la uzio walilokuwa wakipitia kuombana chumvi, mama aliliziba kwa miiba. Kisimani wanawake walinyamaza akifika, wakaanza kuzungumza akiondoka. Upepo ulipong'oa mabati yake mawili hakuna aliyepanda juu, yeye ambaye zamani watu wangemwezekea nyumba nzima kwa siku moja. Alichukua mawe akayaweka juu ya turubai. Mtoto akipata homa, hata hivyo, walimpeleka kwake. Waligonga, wakaingia, mtoto akatibiwa, wakatoka bila shikamoo wala asante. Yeye hakumrudisha mtu hata mmoja. Mke wangu alimpeleka mwanetu mara mbili kwa namna hiyo. Aliniambia mara ya pili Nesi alimpa mtoto dawa akamfuta pua, halafu akamuuliza, "Shikamoo yangu iko wapi?" Mtoto alimtazama mama yake kwanza.

Msimu mmoja mashindano hayakufanyika. Uliofuata yalirudi. Kamba ilirudishwa nyuma, na kila gari likakaguliwa na mafundi wawili kabla ya kushindana, jambo ambalo hakuna aliyesema limetokana na maneno ya nani. Masufuria yalikuja. Na Nesi alikuja, na ndoo yake. Walisema alikaa peke yake, nafasi ya watu watano ikiwa tupu kila upande. Hakuna aliyemletea chakula. Alasiri dereva mmoja alipasuka paji la uso, akapelekwa kwake, akamshona. Watu wakavuta magari, wakaimba, wakarudi nyumbani, na yeye akabeba beseni lake.

Gerezani alikuja kunitembelea mara ya kwanza nilipokuwa nimetimiza miezi mitatu humo. Nilipoambiwa ni nani nilikataa kutoka. Aliacha sabuni na dawa ya fangasi, maana alijua hali ya humo. Mwezi uliofuata alikuja tena, nikakataa tena. Mara ya tatu nilitoka ili nimtukane. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku mzima. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, amekonda, mabuti yana matope mpaka juu, kwa sababu alitembea sehemu ya njia.

"Onyesha miguu," alisema.

Nilimwonyesha miguu. Aliniambia nisiiloweshe, nipake dawa katikati ya vidole. Maneno niliyoyapanga hayakutoka. Nilimuuliza tu, "Nesi, kwa nini ulinifanyia vile?"

"Sikukufanyia wewe," alisema. "Ulitaka niseme nini? Kwamba sikuona?"

"Wengine wote walisema."

"Hao hawakuwa na macho yangu."

Hakuniomba radhi, siku ile wala siku nyingine. Alikuja kila mwezi mpaka nilipotoka. Hatukuzungumza mengi. Aliniletea habari za mvua, za bei ya mpunga, nani kajifungua. Mara moja aliniambia Fuso langu limenunuliwa na mtu wa Sumbawanga na limepita barabarani likiwa na sauti nzuri. Nadhani alifikiri habari hiyo ingenifurahisha.

Nilipotoka sikurudi kwenye usukani. Nalima mpunga, nusu eka ya kukodi na nusu ya mama. Miiba ya kwenye uzio niliing'oa mwenyewe siku ya pili. Mama alisimama mlangoni akitazama, na hajapita pale mpaka leo. Lakini nyumba ya upande wa pili ilikuwa imeshaanza kuwa tupu. Sukari ilikuwa imeyala macho ya Nesi, na mpwa wake alikuja kumchukua akakae naye Mpanda mjini. Aliondoka siku ya kazi, watu wakiwa mashambani. Nilimbebea kasha. Ndoo aliiacha.

Mwaka huu, mwezi ambao mpunga unaanza kutoa masuke, mpwa wake alinipigia simu akaniambia niende. Nilimkuta amelala kwenye chumba kidogo kilichopakwa rangi ya kijani, dirisha wazi upande wa barabara. Malori yalikuwa yanapita. Nilisema shikamoo, akaitikia, "Marahaba, Dereva," kabla sijajitambulisha. Nilikaa kwenye kigoda. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ngozi yake kavu. Kisha akaniuliza.

"Umeshaenda Katumba?"

Nilijua anauliza nini. Mama Eliya, mjane, anaishi kule kule, na watoto wanne. Tangu nitoke nilikuwa nimepanga kwenda baada ya kupanda, halafu baada ya kuvuna, halafu baada ya Pasaka. Mara moja nilifika mpaka njia panda nikageuza baiskeli.

"Nimeenda," nilisema.

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Lilitoka tu, kwa sababu alikuwa amelala pale na uso wake umeelekea kwangu.

"Ulimwambia habari ya waya?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Halafu akanipa kiti. Akanipa maji."

Gari lilipita nje, jingine likafuata, na hakuyataja. Nilidhani amelala.

"Mimi nimekwenda mara sita," alisema. "Nilikwenda kumwambia kwamba niliona nikanyamaza. Mara ya kwanza alinimwagia maji ya vyombo. Baadaye akawa anafunga mlango tu. Nilikuwa nakaa nje mpaka boda inayonirudisha inafika." Alipumua. "Sikumlaumu. Ila nilitamani siku moja anifungulie."

Nilitaka kumwambia ukweli wakati ule. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka pembeni kuelekea masikioni, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata siku ile kwenye lami. Alikuwa anatabasamu.

"Amekupa maji," alisema. "Basi vizuri. Afadhali wewe."

Akanishika kidole kimoja, akakibana.

"Ukienda tena, mpe salamu zangu. Mwambie za Nesi. Anaweza kuzipokea zikitoka kwako."

"Nitazifikisha," nilisema.

Alifariki siku tisa baadaye. Tulimzika kwetu, alivyotaka, na watu walikuja, wengi, pamoja na wale waliokuwa hawamsalimii. Walichimba kaburi kwenye ardhi yenye maji, wakashikana kuliteremsha jeneza lisiinamie upande, wakalifanya kwa uangalifu mkubwa. Mama yangu alileta mkeka wake mpya. Kutoka Katumba sikuona mtu.

Mpunga tumeshavuna. Njia ya Katumba imekauka, baiskeli inapita bila shida yoyote. Salamu bado ninazo.